Kaisari hakuwa anatawala peke yake jamani

Kuna hii stori tumeisikia toka shule, eti Ujerumani ya Kaisari (mfalme mkuu wao, enzi za himaya) ilikuwa nchi ya mtu mmoja, yeye akisema ndo imeisha. Ukweli sio hivyo, japo naelewa ilikotoka, ile masharubu na magwanda ya Wilhelm II, Kaisari wa mwisho, inadanganya sana.

Tangu 1871 walikuwa na bunge, Reichstag, na kila mwanaume wa miaka 25 (wachache hawakuruhusiwa, kama wanajeshi waliokuwa kazini) alipiga kura ya siri, wakati Uingereza ya miaka hiyohiyo wanaume kibao walikuwa bado hawana kura. Wanawake ndo walisubiri mpaka himaya imeanguka. Na bajeti haipiti bila bunge, 1906 wabunge waligomea hela za vita ya Namibia, koloni lao, ikabidi bunge livunjwe uchaguzi urudiwe. 1912 wasoshalisti, watu ambao Kaisari hawataki hata kuwasikia, wakapata viti 110 kati ya 397, wakawa chama kikubwa kuliko vyote.

Hata Carl Peters, yule mkoloni Mjerumani aliyeitwa Mkono wa Damu huku kwetu, alianikwa bungeni Berlin na August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti, 1896 kwa watu aliowanyonga Kilimanjaro, mwaka uliofuata akafukuzwa kazi.

Sasa msije mkasema ilikuwa demokrasia kamili, hapana. Chansela, yaani mkuu wa serikali, aliteuliwa na kutolewa na Kaisari, jeshi lilikuwa lake, na kule Prussia, jimbo kubwa kuliko yote, kura za bunge la jimbo zilipimwa kwa kodi unayolipa, tajiri mmoja anawafunika maskini kibao.