Je, wajua? Jinsi mafuta ya kukaangia yanavyogeuka kuwa dizeli

Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya dizeli ilinguruma kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel, mvumbuzi wa injini ya dizeli, alikuja kueleza baadaye kwamba ilifanya kazi vizuri hata ni watu wachache tu waliong'amua kwamba ni mafuta ya karanga. Sasa kama injini iliyakubali mafuta ya karanga tangu zamani hizo, kwa nini watengenezaji wa biodizeli nyumbani, yaani dizeli itokanayo na mafuta kama haya, wahangaike na kemikali? Si wayachuje tu mafuta yaliyokwisha kukaangia na kuyamimina kwenye tangi?

Tatizo ni uzito wake. Nisemapo uzito simaanishi wa kwenye mizani, bali ule wa uji. Mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli kwa takriban mara kumi, ilhali nozeli, kile kitundu cha kupulizia mafuta ndani ya injini, hutakiwa kuyapuliza yawe ukungu. Yakiwa mazito hutoka matonematone, hayaungui yakaisha, na masizi yake huganda kwenye nozeli na ringi za pistoni. Kinachowaponza wengi ni kwamba injini huwaka na gari hutembea. Madhara huja polepole.

Chembe moja ya mafuta ni kama kamba tatu ndefu zilizofungwa kwenye fundo moja. Fundo hilo ni gliserini. Kutengeneza biodizeli ni kulifungua tu: methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, hujishikiza kwenye kila kamba, na gliserini hubaki peke yake. Kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, ndiyo kichocheo cha kazi yote. Kamba zikishakuwa huru huteleza, na mafuta huwa mepesi karibu kama dizeli. Mbelgiji G. Chavanne alipata hataza ya njia ya namna hii mwaka 1937, akitumia mafuta ya mawese.

Kwa lita moja ya mafuta mapya, kipimo cha kawaida ni mililita 200 za methanoli na gramu 3.5 za kostiki safi ya sodiamu. Kostiki huyeyushwa kwanza ndani ya methanoli, kisha mchanganyiko huo hutiwa kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 55 hivi na kukorogwa kwa saa nzima. Ukiuweka kwenye chupa ya kioo utaona jambo la kupendeza. Mwanzoni wote umetibuka. Halafu mstari mweusi huanza kujikusanya chini, ukinenepa taratibu, na juu yake panabaki kimiminika cha rangi ya kaharabu. Ule weusi wa chini ni gliserini.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia yana ukaidi wake. Moto na maji vimeyavunja kiasi, yakawa na tindikali, na tindikali hiyo huila kostiki na kuigeuza sabuni kabla haijafanya kazi uliyoitumia. Kwa hiyo hupimwa kwanza: mililita moja ya mafuta huyeyushwa katika mililita 10 za spiriti ya isopropili, kisha hudondoshewa maji yenye gramu moja ya kostiki kwa lita. Kila mililita ya maji hayo inayohitajika kuimaliza tindikali ni gramu moja ya kostiki ya kuongeza juu ya zile 3.5 kwa kila lita ya mafuta. Wengine huweka manjano ya jikoni kama kionyeshi, kwa kuwa hugeuka nyekundu tindikali ikiisha. Maji nayo lazima yatoke. Dondosha tone la mafuta kwenye chuma cha moto: likipasuka kwa mlio, bado hayajakauka.

Hapa naomba usomaye usiharakishe. Methanoli hupenya kwenye ngozi, mvuke wake ni sumu, na ikiingia mwilini inaweza kupofusha au kuua. Huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, na ikiwaka mchana moto wake ni vigumu kuuona. Kazi hii si ya ndani ya nyumba, si ya karibu na jiko la moto, na si ya mikono mitupu. Kostiki nayo huunguza ngozi na macho, tena hula alumini, hivyo sufuria ya alumini haifai. Asiye na miwani, glavu na mahali penye hewa asianze.

Biodizeli ikishatenganishwa huoshwa kwa maji ili sabuni na methanoli iliyobaki vitoke, kisha hukaushwa. Kujua kama imeiva, changanya mililita 3 zake na mililita 27 za methanoli. Zikiyeyuka zote, ni nzuri. Pakituama mafuta chini, kuna mafundo hayakufunguka, na inabidi irudiwe.

Kwenye gari, mipira ya zamani ya kupitishia mafuta huweza kulainika na kuvuja. Baridi ikizidi, biodizeli huganda mapema kuliko dizeli. Na filta ya kwanza ikiziba, mara nyingi uchafu huo ni wa dizeli ya miaka iliyopita: biodizeli ndiyo iliyoubandua kwenye kuta za tangi.