Namba kwenye biti ya ruta si upana wake

Mafundi seremala wengi wanaoanza kutumia ruta, mashine ya kuchonga mbao, huamini kwamba biti (kisu chake kinachozunguka) ya kuviringisha kingo iliyoandikwa 9 huondoa mviringo wenye kipenyo cha milimita 9. Sivyo. Namba hiyo ni nusu kipenyo: biti hula milimita 9 kushuka chini na milimita 9 kuingia ndani ya ubao.

Kutoka hapo huzaliwa kosa la pili. Ubao una unene wa milimita 18, basi fundi hupiga hesabu: 9 juu, 9 chini, ukingo utakuwa nusu duara. Hesabu ni sahihi, lakini beringi, kigurudumu kidogo kinachoongoza biti kwenye ukingo, imesahaulika. Beringi iliyo nchani mwa biti huhitaji sehemu bapa ya kuegemea. Upande wa kwanza utatoka vizuri. Ukigeuza ubao, beringi itakuta ukingo umeshaviringika, itazama ndani, na biti itachimba kuliko ulivyokusudia. Ukitaka nusu duara kamili, fungia ruta kwenye meza yake na uongoze ubao kwa kizuizi kilichonyooka. La sivyo, chukua biti ya 6: katikati hubaki milimita 6 bapa, na beringi hutembea bila wasiwasi. Binafsi naipenda zaidi hiyo, hasa ninapotengeneza meza.

Angalia pia kina. Biti ikishuka mno, huacha ngazi ndogo juu ya mviringo, kidole kitaihisi. Na biti kubwa izungushwe kwa spidi ndogo, ikila kidogo kidogo kwa awamu.