Mechi kali ya mieleka, ziba bao uangalie miguu

Jumamosi vijana wangu hapa Pasua, Moshi, walinifuata mbio na simu ina ufa katikati ya kioo, kocha njoo uone balaa. Kumbe ni fainali ya Olimpiki ya Tokyo, ile iliyopigwa 2021, kilo 125, Gable Steveson wa Marekani na Geno Petriashvili wa Georgia. Steveson yuko nyuma 8-5, muda unakatika, anamwangusha mwenzake inakuwa 8-7, halafu ikiwa imebaki chini ya sekunde moja anazunguka nyuma yake anachukua pointi mbili tena, mechi inaisha 10-8 (ile moja ya ziada ni rufaa ya Georgia iliyogonga mwamba). Wakarudia vile visekunde kama mara kumi, kelele mpaka mama wa genge akaja kuuliza nani kafunga.

Nikawauliza haya, kabla hajazunguka miguu yake ilikuwa wapi? Kimya.

Ndo shida ya mechi tamu, jicho linakimbilia pointi wakati kazi imeshafanyika sekunde mbili tatu nyuma. Ila bado nawaambia waangalie mechi kuliko zile video za mafunzo, maana kwenye mafunzo yule mwenzake kasimama kama mgomba, anasubiri kuangushwa, hapigani. (Na nikisema mieleka simaanishi John Cena jamani, kila wiki naulizwa.)

Mimi nafanya hivi. Mara ya kwanza piga kelele zako zote, enjoi. Mara ya pili zima sauti, shusha spidi mpaka 0.25, alafu weka kiganja juu ya kioo uzibe kuanzia kiunoni kwenda juu, ubaki na miguu tu. Utashangaa. Ukishaielewa miguu, geuza, ziba chini uangalie vichwa na mikono.

Wanaoanza nawapa mechi za Jordan Burroughs, bingwa wa London 2012 kilo 74, mtaalamu wa kuchota miguu miwili. Dogo mmoja aliona kipande tu cha Burroughs anavyochomoka, akadhani ni kukimbia, siku ya mazoezi akaingia kidevu kifuani kama mbuzi, akakutana na kabari ya mtoto mdogo kuliko yeye, shingo ikamuuma wiki nzima. Hakuona kinachotangulia: mikono inasumbua kichwa cha mpinzani, inakivuta chini, na mtu ukimvuta kichwa chini lazima abishe ainuke, akiinuka tu miguu yake imebaki wazi. Hapo ndo unashuka, tena unashuka kwa magoti, usiiname kiuno, goti la mbele linatua katikati ya miguu yake, kichwa juu, sikio limebana mbavu zake.

Na angalieni aina ya mechi jamani, kwenye Greco-Roman, ule mtindo wa mieleka wa kushikana kiunoni kwenda juu tu, kushika miguu ni marufuku, usikae nusu saa unatafuta hiyo kitu huko. Uzito nao, mtoto wa kilo 50 asiige kila anachofanya mtu wa 125.

Basi tukarudia ile fainali, kiganja juu ya kioo, vichwa sita vimebanana kwenye kasimu kamoja, tumefika pale Steveson anaanza kuzunguka, bando likakata. Ikabidi twende tukaijaribu kwenye magodoro.