Giaboksi ya oto "kuteleza" maana yake nini

Giaboksi ya oto husemwa inateleza pale injini inapopandisha mzunguko lakini magurudumu hayaupati. Uko kwenye mlima wa Mazeras, nje ya Mombasa, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika uko 2,500, unakanyaga mafuta ulipite lori. Mshale unaruka mpaka 4,000, kelele zinajaa, na gari bado liko kilomita 60 kwa saa. Usichanganye na gari kushuka gia: hapo pia mshale hupanda, lakini unasukumwa mgongoni papo hapo. Likiteleza, husukumwi.

Wengi hudhani ni meno ya gia yanayoteleza. Meno hayatelezi, ama yameshikana ama yamekatika. Kinachoteleza ni klachi, na giaboksi ya oto ina klachi kadhaa ndani. Kila moja ni pakiti ya sahani nyembamba za duara, moja ya chuma tupu, inayofuata imegandishwa utando mgumu mfano wa karatasi, zote zikiwa ndani ya oili. Pistoni ndiyo inayozibana, na pistoni yenyewe husukumwa na oili hiyo hiyo yenye presha. Ikibanwa pakiti hii unapata gia ya pili, ikibanwa ile unapata ya tatu.

Kwa hiyo mkono wa giaboksi ni presha ya oili. Aliyewahi kushika demani ya jahazi, ile kamba ya tanga, ataelewa haraka: upepo ukizidi na wewe usizidishe kubana, kamba hukupita viganjani, na ikishapita mara moja imekuchubua, mara ya pili huwezi kuishika vizuri tena. Sahani za klachi ni vivyo hivyo. Zikiteleza leo zinaungua kidogo, na kesho zinateleza zaidi kwa sababu ya kuungua kwa leo.

Hapa ndipo magari yaliyoongezwa nguvu yanapoumia. Presha huamuliwa na kompyuta ya giaboksi, na kwa kawaida kompyuta hiyo haipimi nguvu ya injini yenyewe, huambiwa na kompyuta ya injini. Sasa mtu anafunga kile kiboksi kinachoidanganya sensa ya turbo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, ili upepo uongezeke. Injini inatoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 280, lakini hesabu inayopelekwa kwa giaboksi bado inasema 200. Giaboksi inabana kwa kipimo cha 200. Haina kosa lolote, imetii ilichoambiwa.

Mwaka jana kijana mmoja alileta gari la namna hiyo. "Shikamoo fundi. Gari yanguruma tu, haiendi." Nilimuuliza limefanywa nini. "Limetyuniwa injini tu, giaboksi haijaguswa." Alilisema kama jambo la kunituliza, na kumbe ndilo jibu lenyewe. Tulipofungua, oili ilitoka nyeusi, inanuka kama mkate ulioungulia kwenye tanuri. Sahani za gia ya tatu zilikuwa zimebaki chuma, na chuma chenyewe kimegeuka rangi ya samawati kwa moto. Pakiti nyingine zote zilikuwa nzima. Gia ya tatu ndiyo aliyokuwa akiikanyagia kila akipanda Mazeras.

Moto huo si wa kudhania. Torki ya Nm 250 ikipita kwenye klachi inayopishana kwa mizunguko 500 tu kwa dakika, joto linalozaliwa ni kama kilowati 13, sawa na pasi za umeme kumi na tatu za wati 1,000 zikiwaka kwa pamoja ndani ya kitu unachoweza kukikumbatia. Oili ya giaboksi hupenda kukaa karibu nyuzi 80 hadi 95. Ikipita 120 huanza kuacha utando wa kahawia kwenye valvu, na sili za mpira hukauka. Sili ikikauka presha inavuja, na presha ikivuja klachi inateleza hata kwa nguvu ya kawaida.

Kwetu Mombasa kuna jambo lingine, na linaniuma kwa kuwa ni rahisi kuliepuka. Magari mengi hupoza oili ya giaboksi kwa kibomba kilichomo ndani ya rediyeta. Watu wanajaza rediyeta maji ya kisima, na visima vyetu vingi ni vya chumvi. Chumvi inakula kile kibomba, maji yanaingia kwenye oili, na gundi inayoshika utando wa sahani inalegea. Ukivuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ukaona rangi ya maziwa ya waridi, zima injini hapo hapo.

Kuityuni giaboksi yenyewe, basi, ni kuipa kompyuta yake hesabu za kweli: torki halisi ya injini, presha inayolingana nayo, na klachi kufunga kwa wakati wake. Ni pia kuiachia ile ruhusa ya kuiomba injini ipunguze nguvu kidogo kila gia inapobadilishwa. Wapo wanaoifuta ruhusa hiyo ili gari "lipige gia kali". Mimi sifanyi hivyo kwa gari la mtu. Na kabla ya yote hayo, funga rediyeta ndogo ya kupoza oili ya giaboksi peke yake. Kompyuta nyingi pia hujifunza uchakavu wa klachi na kuufidia kidogo kidogo mpaka zisiweze tena, ndiyo maana dereva huona kama gari limeharibika ghafla.

Likianza kuteleza, kwanza angalia kiwango cha oili kwa namna kitabu cha gari kinavyosema, maana ikipungua pampu huvuta hewa, na hilo hupona kwa kuongeza oili sahihi na kuziba panapovuja. Ikiwa oili imejaa na inanuka kuungua, kubadilisha oili hakurudishi sahani. Egesha. Na atakayekuja na kamba kukuvuta mpaka mjini, mshukuru umkatalie: katika giaboksi nyingi pampu ya oili huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa huku magurudumu yanazunguka, vyuma vinasagana vikavu. Tafuta gari la kubeba, au la kunyanyua yale magurudumu yanayoendeshwa na injini.