Kabla ya Flashi Kulikuwa na Karatasi za Nota

Tunapopita kutoa elimu ya hakimiliki kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, jibu la wenye vibanda ni lile lile: wizi wa muziki umeletwa na intaneti, sheria haiuwezi. Si kweli, na tumeshalieleza hili mara nyingi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, familia nyingi za London zilikuwa na piano, na wimbo ulinunuliwa ukiwa karatasi ya nota, yaani alama za muziki za kusoma na kupiga. Nakala halali ya wimbo unaovuma iliuzwa kama shilingi 1 na peni 6 za Kiingereza, yaani peni 18. Wachapaji wa vichochoroni waliipiga picha, wakaichapa upya, na wachuuzi wakaitembeza barabarani kwa peni 2. Waliowatetea walisema bei ya wachapishaji ni kubwa mno. Utetezi huo bado tunausikia.

Sheria ya Uingereza ya 1902 ilimruhusu polisi kukamata nakala hizo bila hati ya mahakama, mradi mwenye haki ameomba kwa maandishi. Mahakama ikiridhika, iliweza kuamuru ziteketezwe. Muuzaji hakuwekewa adhabu, wala nyumba haikuweza kupekuliwa. Mapema 1906 James Frederick Willetts, kinara wa biashara hiyo, alifungwa, lakini kwa kosa la kula njama. Kunakili kwenyewe hakukuwa na kifungo.

Sheria ya 1906 ndiyo iliyouma. Kosa la kwanza, faini isiyozidi pauni 5. La pili na kuendelea, kifungo kisichozidi miezi 2 au faini isiyozidi pauni 10. Kuwa na bamba za kuchapia nakala hizo nalo likawa kosa. Kwa hati ya mahakama, polisi waliweza kuingia ndani kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku, hata kwa kuvunja mlango. Aliyethibitisha kwamba hakujua kuwa ni nakala za wizi hakutiwa hatiani. Hata hivyo santuri, yaani sahani za muziki uliorekodiwa, ziliachwa nje ya sheria hiyo.

Tanzania haikuacha pengo hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi. Ulinzi huanza kazi inapotungwa, na haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Ukinunua flashi umenunua flashi. Nyimbo zina wenyewe.

Msanii, usije na uchungu mtupu. Njoo kwetu na malalamiko ya maandishi yanayotaja wimbo, kibanda na tarehe, pamoja na rekodi na mkataba wako na studio.