Mtoto wa mbwa na ugali wa kila siku: maswali na majibu

Daktari, mbwa wangu ana miezi mitatu. Anashiba ugali na mchuzi, tumbo limejaa, lakini miguu ya mbele inapinda. Kwa nini?

Kushiba anashiba, ila kwa chakula kisichojenga mwili. Unga wa mahindi unampa nguvu, lakini protini yake ni kama asilimia 8 au 9 tu, na kalsiamu karibu hakuna. Viwango vya AAFCO, chama cha Marekani ambacho watengenezaji wengi hukifuata, vinataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5 na kalsiamu asilimia 1.2, maji yakishaondolewa. Mbwa mzima anatosheka na 18 na 0.5. Tumbo nalo huenda ni minyoo, maana watoto wengi huzaliwa nayo kutoka kwa mama. Dawa huanza wakiwa na wiki mbili. Mlete apimwe miguu.

Basi nimpe nyama tupu?

Usimpe! Wanaowapenda sana mbwa wao ndio huponzwa na hili. Mnofu una fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili unaichota mifupani. Mifupa inalainika, mbwa anachechemea, na siku nyingine anaruka kutoka kwenye kochi na mguu unavunjika. Kalsiamu isiwe chini ya fosforasi, wala isizidi mara mbili yake.

Dagaa wanasaidia kwa sababu wanaliwa na miba yao. Wachambue mchanga, na wale wa chumvi waache. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Inapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Na vidonge vya kalsiamu?

Kama anakula chakula cha dukani cha watoto wa mbwa, usimwongezee. Kabla ya miezi sita hivi utumbo wake haujui kukataa kalsiamu iliyozidi. Kwa mbegu kubwa kama German Shepherd au Boerboel, ziada hiyo inaharibu mifupa na viungo.

Kwenye mfuko nisome nini?

Picha ya kuku mnono haikwambii kitu. Tafuta maandishi yanayosema ni cha mbwa wanaokua, kisha soma viambato. Hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, kizito kwanza. Kuku mbichi ni maji kwa takribani asilimia 70, kwa hiyo anaweza kutangulia kwenye orodha na bado mahindi yakawa ndiyo mengi ukikausha vyote. Kopo nalo linachanganya: protini asilimia 8 inaonekana haba, lakini maji yakiwa asilimia 78, kwenye kilichobaki protini ni kama asilimia 36.

Maziwa ya ng'ombe je?

Hayamtoshi. Ya mama yake yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili, na ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Nina pumba zilizoshika ukungu kidogo. Nikizipika sana?

Zitupe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa, na mbwa ni mwepesi kudhurika nayo, inashambulia ini. Kama ameshazila na sasa amesusa chakula, anatapika, au fizi na weupe wa macho vimegeuka njano, mlete leo hii, na uje na kiasi cha hizo pumba kwenye mfuko.