Florini Ndani ya Mkebe wa Kakao

Watu hutuletea sarafu za kale tuzikague, wakiwa wamezifunga kila namna: kwenye soksi, kwenye leso, kwenye bahasha kuukuu za posta. Mama mmoja wa Kariokor alikuja na mkebe wa kakao ulioshika kutu, akaumwaga juu ya meza yangu hata kabla sijamkaribisha kiti. "Mwanangu," akasema, "hizi ni za baba mkwe. Wajukuu wananiambia kwenye simu zinauzwa mamilioni. Wewe niambie ukweli."

Ukweli ni kwamba nyingi kati yake hazingemnunulia hata kilo ya sukari. Senti kumi zenye tundu katikati, zile ambazo watu walizitunga kwenye uzi, bado zimejaa nchi hii. Lakini katikati ya rundo palikuwa na kipande cha fedha kilichochorwa simba mbele ya milima, kimeandikwa florini moja, mwaka 1920. Hicho nilimwomba ruhusa nikiweke kando.

Florini ilikuwa pesa halali ya Kenya, ingawa Wakenya wengi ninaowatajia hudhani nasema habari za Ulaya. Ilitoka 1920, na kufikia mwanzo wa 1922 shilingi ilikuwa imeshaikalia kiti. Katika umri huo mfupi iliacha bili, na waliobandikwa bili hiyo walikuwa watu ambao hawakuwa wamekopa hata senti.

Kabla yake tulitumia rupia ya India. Pwani walikuwa nayo hata kabla ya reli, na reli ya Uganda, iliyojengwa na vibarua kutoka India, ikaipandisha bara. Bei yake ilijulikana na kila karani: peni 16 za Kiingereza, yaani rupia 15 kwa pauni moja. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, bei ya madini ya fedha ikapaa, na rupia, kwa kuwa ilikuwa ya fedha, ikapaa nayo. Mapema 1920 ilikuwa imepita peni 24. Serikali ya kikoloni ikaamua kuifunga kamba kwenye peni hizo 24, sawa na shilingi mbili za Uingereza, na kuipa jina jipya. Rupia moja, florini moja.

Hebu chukua kalamu. Setla, yaani mlowezi wa Kizungu, aliyekopa benki rupia 15,000 kwa bei ya zamani alikuwa na deni la pauni 1,000. Kwa bei mpya pauni moja ni rupia 10 tu, kwa hiyo deni lilelile sasa ni pauni 1,500. Hajakopa tena, hajanunua trekta wala ng'ombe, na kahawa yake inauzwa London kwa pauni. Benki hazikuwa na sababu ya kulalamika. Setla walipiga mayowe. Kichekesho ni kwamba 1921 rupia ilishaporomoka huko India hadi karibu na bei yake ya kale. Sisi tulikuwa tumeifunga ikiwa kileleni! Wajanja wakaona mwanya: wakaingiza rupia za India kimagendo ili wazibadilishe huku kwa faida, mpaka serikali ikalazimika kuziondolea uhalali.

Mwaka huohuo wa 1921 setla wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hapo ndipo mimi huacha kalamu nikatikisa kichwa. Peni 24, toa theluthi, zinabaki peni 16: bei ya rupia ya zamani, bila kuzidi wala kupungua. Machoni pa setla, mambo yalikuwa yamerudi pale yalipokuwa. Lakini kibarua wa Kiambu hakuwahi kuhesabu mshahara wake kwa peni za London. Alihesabu rupia, na aliyezoea kupokea sita sasa alihesabiwa nne. Kodi nayo haikumsubiri. Mwaka 1920 ilitoka rupia 5 hadi 8, na shilingi ilipoingia akaambiwa ni shilingi 16. Na shingoni kinaning'inia kipande, yaani kitambulisho alicholazimishwa kubeba.

Miongoni mwa waliofuatilia mambo haya kwa karibu alikuwa kijana aliyefanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali hapa Nairobi. Jina lake Harry Thuku. Juni 1921 aliongoza wenzake kuunda chama, na mishahara, kodi na kipande vikawa ndiyo hoja zao. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulijaa mbele ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akawasuta wanaume waliotaka kurudi nyumbani, na risasi zikalia. Serikali ilitangaza vifo 21. Wengine walihesabu zaidi ya hapo. Kabla ya mwaka kwisha kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Sitasema florini peke yake ndiyo iliyowaleta watu barabarani siku ile. Ardhi na kipande vilikuwa na uchungu wake. Ila tunapowasimulia watoto habari za Muthoni, sarafu hii haitajwi, nayo ni sehemu ya kisa.

Mama alikuwa amekwisha kuokota kipande kingine, cha shaba, kimeandikwa 20 Heller, 1916, na herufi T chini ya mwaka. Hicho kilitengenezwa Tabora wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawapati sarafu kutoka kwao. Kimefikaje Nairobi? Yawezekana kilirudi mfukoni mwa mpagazi, maana jina lenyewe la Kariokor limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hiyo. Heller zilikufa, lakini ndugu zetu wa Tanzania hadi leo wanasema hela. Na sisi tuliokuwa tukiita senti hamsini sumuni tulikuwa tukitaja, bila kujua, thumni, yaani sehemu ya nane ya riale, sarafu kubwa ya fedha iliyokuja kuwa na thamani ya shilingi nne.

Ombi moja kwa wenye mikebe: msizisugue. Rupia moja ya mama huyu ilikuwa imeng'arishwa kwa ndimu na majivu, na uso wa Malkia Victoria ulikuwa umekwaruzwa hadi puani. Sarafu iliyosuguliwa hivyo hupoteza bei kwa mkusanyaji na habari kwetu. Ikunje kwenye karatasi kavu, iweke mbali na unyevu, basi.

Alizirudisha mkebeni moja moja akizihesabu kwa sauti ya chini. Florini akaifunga peke yake kwenye pembe ya leso, akapiga fundo mara mbili.